NANI ASIMAME KWANZA KWENYE KANJILA?

Somo la mwezi, kwa wenye kinga na kwa wenye miguu



Mwezi huu ukurasa wa somo umepewa sisi makapita wa darasa la sita. Tumechagua jambo la kila siku: kinga, na namna ya kupita nayo katika njia yenye watu. Wengine watasema: «Kinga, ile ni somo gani? Kila mtu anaijua tangu utoto.» Kuipanda, ndiyo, tunajua. Lakini kupita pamoja na wengine ni ujuzi mwingine, na hakuna anayetufundisha ujuzi ule siku baba anapoleta kinga nyumbani.

Wote mnajua shida iliyotokea. Mama mmoja mwenye beseni la unga kichwani aliangushwa kwenye kona ya kichuguu kikubwa na wanafunzi wawili waliokuwa wakishindana. Unga ulimwagika wote, na mkono wake uliteguka. Wazazi wa wale wawili walilipa unga na dawa. Lakini chefu wa kijiji na wazee wake walifika kwa Bwana Prefe na kusema neno moja wazi: kanjila inapita katikati ya mashamba yao, haikulimwa na shule. Kama mbele ya mapumziko watu wao wanaogopa bado kuipita, wataifunga kwa kinga zote.

Wakiifunga, itabaki barabara kubwa tu. Kwa kanjila, toka kijiji mpaka shule ni kilometre 6. Kwa barabara kubwa ni kilometre 11, na pale kamioni za madini zinapita mchana na usiku. Wazazi wengine wamekwisha kusema kama binti yao hatapita pale hata siku moja. Kwa hiyo adabu ya njia si jambo la kupendeza walimu tu. Kuna wenzetu ambao masomo yao yanategemea kanjila hii.

1. KINGA ILITOKA WAPI

Mbele ya kuingia njiani, tuangalie kwanza chombo chenyewe. Kinga ya namna yetu, yenye magurudumu mawili sawasawa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilianza kujulikana katika mwaka 1885, wakati John Kemp Starley wa Coventry, kule Uingereza, alipotengeneza ile aliyoiita Rover. Ilikuwa na mipira migumu isiyo na hewa, na mpandaji alitikiswa mifupa yote. Katika mwaka 1888, mganga wa wanyama aliyeitwa John Boyd Dunlop, aliyekaa Belfast, alitia hewa ndani ya mpira kwa ajili ya kinga ndogo ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Tangu hapo kinga ikawa laini, na watu wa Ulaya na Marekani wakaitaka kwa wingi.

Je, mpira ulitoka wapi? Sehemu moja ilitoka kwetu. Nchi hii iliitwa wakati ule Dola Huru la Kongo, nayo ilikuwa mali ya mfalme Leopold II tangu 1885 mpaka 1908. Watu wa vijiji, zaidi upande wa Equateur, walilazimishwa kuingia porini na kukata kamba za miti zenye maziwa ya mpira. Yule asiyeleta kilo zilizotakiwa alipigwa, wake zao walifungwa, na wengi walikufa. Katika mwaka 1904, kule Baringa, Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja, Nsala, anayeangalia mkono na mguu wa mtoto wake aliyeuawa. Picha ile na nyingine zilionyeshwa katika nchi nyingi, na katika mwaka 1908 mfalme alinyang'anywa Kongo, ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji.

Hatuandiki hivi kusudi mtu aone haya ya kupanda kinga. Tunaandika kusudi tukumbuke jambo moja: zamani, raha ya mwenye kupanda magurudumu ililipwa na mtu mwenye kutembea kwa miguu. Haifai sisi, wajukuu wa wale waliotembea, turudishe desturi ile katika kanjila yetu wenyewe.

2. KANJILA NI YA NANI

Angalieni vizuri asubuhi moja. Mbele ya jua kupanda wanapita wenye makala. Wametoka porini usiku, mifuko mitatu juu ya kinga moja, nao hawaipandi, wanaisukuma. Kisha wanapita wamama wanaokwenda sokoni na mabeseni ya nyanya, ya unga, na ya bowa wakati wa mvua. Wanapita watoto wa shule ya msingi, wawili wawili, wakicheza. Anapita mzee na fimbo yake. Anapita kijana na mbuzi. Mara nyingine mgonjwa analetwa kwa kituo cha afya, amekaa nyuma ya kinga, ndugu wawili wanamshika huku na huku. Sisi wanafunzi tunapita mwisho, na sisi ndio tunaokimbia zaidi.

Kumbukeni tena majira. Wakati wa kiangazi majani yameungua, tunaona mbali, lakini kuna vumbi na mchanga unaotelezesha gurudumu. Wakati wa mvua, zaidi katika Januari mpaka Machi, majani yanapita kimo cha mtu. Kwenye kona hatuoni kitu, na udongo ni kama sabuni. Yule anayepita Februari kwa mwendo wa Agosti anajidanganya mwenyewe.

Jambo la kushangaza ni hili. Kwenye barabara kubwa sisi tunalia: kamioni zinatutia vumbi, hazipunguzi mwendo, zinatusukuma katika majani. Tunasema: «Aba bantu habana roho!» Lakini mwenye kutembea kwenye kanjila anatuona sisi namna gani? Barabarani sisi ni wadogo. Kwenye kanjila, kamioni ni sisi.

3. HESABU YA KUSIMAMA

Wanafunzi wa sayansi watatusaidia hapa, lakini kila mtu anaweza kufuata.

Tuseme mwendo ni kilometre 18 kwa saa. Ni mwendo wa kawaida wa mwanafunzi, nao ni sawa na metre 5 kwa sekunde. Toka jicho linaona mpaka mkono unakaza freni, inapita kama sekunde 1. Kwa hiyo metre 5 zimekwisha kwenda bila freni. Kisha freni inaanza kazi. Tukidhani kwenye udongo mkavu freni nzuri inapunguza mwendo kwa metre 2,5 kwa sekunde, kila sekunde, kinga itakwenda tena metre 5. Jumla: metre 10.

Sasa tushuke mlima kwa kilometre 36 kwa saa. Mwendo ni mara mbili, metre 10 kwa sekunde. Mbele ya freni kushika: metre 10. Kisha freni inahitaji metre 20, sababu mwendo ukiongezwa mara mbili, urefu wa kushika freni unaongezwa mara nne. Jumla: metre 30. Na kama kuna matope, na freni inafanya nusu ya kazi yake tu, inakuwa 10 na 40: metre 50. Ni karibu nusu ya kiwanja cha mupira!

Kwenye kona ya kichuguu, wakati wa majani marefu, mtu anaona kama metre 8 mbele yake. Na kama kutoka upande mwingine kuna kinga nyingine inayokuja, metre 8 zile lazima zigawanywe kwa wawili. Kila mmoja ana metre 4 tu. Kwa mwendo gani mtu anaweza kusimama ndani ya metre 4? Fanyeni hesabu: kilometre 9 kwa saa, nusu ya mwendo wa kawaida, na zaidi kidogo tu ya mwendo wa mtu anayetembea haraka. Ndiyo maana tunasema: kwa njia nyembamba, uende mwendo unaokuwezesha kusimama katika nusu ya urefu unaouona. Anayekimbia kuliko hapo hategemei freni, anategemea bahati. Na bahati ile ni ya mama wa watu, si yake peke yake.

4. SHERIA MOJA YA KUTOSHA

Katika nchi yetu sheria ya barabara ni ile ya 30 Agosti 1978. Inatutaka tushike mkono wa kuume na kupita mtu kwa upande wa kushoto. Tufuate vile vile kwenye kanjila, kusudi kila mtu ajue mwenzake atakwenda wapi. Lakini kanjila mara nyingi haina kuume wala kushoto, ni ya mtu mmoja tu. Wakati huo ulizo ni moja: nani asimame?

Wengine wanajibu: mdogo amsimamie mkubwa. Wengine: aliyefika kwanza apite. Wengine wanafuata kengele yenye sauti kubwa. Sisi tulizungumza sana, tukauliza pia wenye makala na wamama wa soko, na tukaona sheria moja inashinda zote: mwenye kupoteza kidogo kwa kusimama, yeye ndiye asimame.

Tuijaribu kwa kila mtu.

Mwenye makala anayepanda. Kinga yake na mzigo ni karibu kilo 170. Kwenye mpando wa metre 10 kwa kila metre 100, mzigo unamvuta nyuma kwa nguvu ya kilo 17, hata akisimama tu bila kusogea. Ukimsimamisha, atashika kilo zile kwa mikono mpaka wewe upite, kisha ataanza upya toka sifuri, na gurudumu linaweza kurudi nyuma na kumwangusha. Wewe unapoteza nini? Kukanyaga pedali mara tatu. Basi wewe simama.

Mwenye makala anayeshuka. Huyu hawezi kusimama hata akitaka. Anazuia kinga kwa kifua na kwa visigino. Usibaki njiani ukimwangalia. Toka kabisa, inua kinga yako, uiweke katika majani, na umwachie njia yote.

Mama mwenye mzigo kichwani. Anaweza kusimama, ndiyo, lakini hawezi kugeuza kichwa, hawezi kuruka, hawezi kuona mahali anapokanyaga kando ya njia. Akikosea mguu, kazi ya siku nzima inamwagika. Wewe shuka, upite kwa miguu, au umngojee mahali njia inapopanuka.

Mtoto, na mwenye mbuzi. Mtoto na mbuzi wote wawili wanabadili mawazo katikati ya njia. Hapa freni haitoshi. Shuka.

Mgonjwa. Hakuna mazungumzo. Wote wanatoka njiani. Mwenye nguvu auliza: «Tusaidie kusukuma?»

Watu wanaobeba maiti. Tunashuka, tunavua kofia, tunanyamaza mpaka wote wamepita. Hata mtu akichelewa mtihani, hatujamwona mwalimu atakayemkemea kwa sababu hiyo.

Wanafunzi wawili wenye kinga tupu. Anayeshuka amngojee anayepanda, sababu anayepanda akisimama anapoteza nguvu yote, na anayeshuka atasaidiwa na mlima kuanza tena. Lakini hesabu ya sehemu ya 3 inatuambia kama anayeshuka sharti aanze kupunguza mapema.

Mnaona? Katika orodha hii, mwanafunzi mwenye kinga tupu anasimama karibu kila mara. Si kwa kuwa anadharauliwa. Ni kwa kuwa yeye ni tajiri wa njia: ana miguu ya ujana, ana magurudumu, hana mzigo. Mwenye vingi atoe vingi.

5. KENGELE NA MDOMO

Kengele si ya kufukuza watu. Ni ya kusema: «Niko hapa.» Ukiipiga karibu na mgongo wa mtu, anashtuka na kuruka, na mara nyingi anaruka upande ule ule unaotaka kupita. Ipige kidogo ukiwa mbali, kama metre 20, kisha tumia mdomo.

Tumesikia maneno ya namna hii: «Toka ku njia!», «We mama, hausikie?» Maneno kama haya mtu hawezi kumwambia mama yake mzazi, na yule wa njiani ni mama wa mtu. Kwa wakubwa tunasema kwa heshima, kama nyumbani:

«Jambo mama. Muko na muzigo, pole. Ninapita ku kushoto kwenu.»
«Baba, mupite kwanza, mie nitangoja.»
«Yaya, munisamehe, niko nyuma yenu.»

Na ukipishwa, usipite kimya kama upepo. Sema «Aksanti.» Mtu aliyekanyaga majani yenye umande kwa ajili yako amekupa kitu.

Kule Kisangani kinga zinazobeba wasafiri ziliitwa toleka, neno la Lingala lenye maana «tupite». Si «nipite», ni «tupite». Jina lile peke yake ni somo nusu.

6. KINGA YENYEWE

Adabu bila freni ni maneno tu. Mapatano ya mataifa juu ya usafiri wa barabara, yaliyofanywa mjini Vienna katika mwaka 1968, yanataka kinga iwe na freni yenye kushika, kengele inayosikika, kioo chekundu cha nyuma chenye kurudisha mwangaza, na taa wakati wa giza. Kila Jumatatu kila mtu ajaribu haya:

a) Sukuma kinga, kaza freni ya nyuma: gurudumu lisimame. Kisha ya mbele, vile vile.
b) Gumi za freni zilizoisha zibadilishwe. Kiatu si freni. Kinaisha haraka, na mguu unaweza kuingia katika nyuzi za gurudumu.
c) Kaza njugu za magurudumu yote mawili.
d) Mnyororo usilegee: ukitoka wakati wa kupanda, unaanguka, ukifunga gurudumu wakati wa kushuka, unaanguka zaidi.
e) Asiye na kioo chekundu wala taa asipande kinga katika giza. Aisukume.

Kwa wale wanaobeba mwenzao nyuma: urefu wa kusimama unaongezeka na gido inakuwa nyepesi mbele. Kwenye kona, mwenye kubebwa ashuke.

7. MAJIBU KWA WANAOBISHA

«Tukisimama kila mara, tutachelewa.» Tuhesabu. Kusimama, kupisha, na kuanza tena ni kama sekunde 20. Ukisimama mara 10 njiani, ni sekunde 200, dakika 3 na kidogo. Ondoka nyumbani dakika 5 mbele, na deni limelipwa.

«Pikipiki hazitupishi, juu gani sisi tupishe?» Kweli, zingine hazipishi. Lakini chefu hakusema atafunga njia ya pikipiki. Alisema kinga. Kila mtu afagie kwanza mbele ya mlango wake.

«Wengine wanatembea katikati na hawataki kutoka.» Wapo. Mtu mwenye kichwa kigumu hageuzwi na kengele. Shuka, salimu, pita kando. Utapoteza sekunde 20, na kesho atakujua.

8. YALE TUTAKAYOFANYA

Kwa ruhusa ya Bwana Prefe na ya chefu wa kijiji, Jumamosi hii tutafanya salongo pamoja na vijana wa kijiji. Tutafyeka majani kwenye kona tatu, mpaka mtu aone metre 20. Nusu yake ni metre 10, na sasa mnajua ile inaruhusu mwendo gani. Tutapanua pia mahali panne pa kupishana, kila mahali urefu wa kinga mbili. Wiki zinazofuata kapita mmoja atasimama kwenye kila kona asubuhi. Asiye na freni atatembea. Anayeshindana atatoa jina lake kwa mkurugenzi wa nidhamu. Na mbele ya mapumziko tutakwenda kwa wazee kuuliza kama watu wao wanapita bila woga. Jibu lao ndilo litakalosema kama somo hili limeeleweka.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kinga inakwenda kilometre 27 kwa saa kwenye udongo mkavu. Itasimama baada ya metre ngapi? Fuateni hesabu ya sehemu ya 3.
2. Mama mwenye beseni anapanda, mwenye makala anashuka, na wewe uko katikati yao. Utafanya nini kwanza?
3. Kwa nini tumesema kengele ipigwe mbali?
4. Mwanafunzi amechelewa mtihani wa Dola. Je, sheria ya «mwenye kupoteza kidogo asimame» inabadilika kwa ajili yake? Toeni sababu.
5. Tafuteni njia nyingine katika maisha ya shule, kisimani, kwenye mlango wa refekta, kwenye foleni, ambamo sheria ile inaweza kusaidia.

Makapita wa darasa la sita